Mama Shiro Alipiga Simu

Habari ya kifo cha Bwana Kamande ilinifikia kwenye simu ikiwa faili, kutoka kwa namba nisiyoijua, na sikuifungua. Nilipiga kwanza. Aliyepokea alikuwa kitinda mimba wake, sauti imemkauka kwa kupokea pole za watu, na nilipomweleza mimi ni nani na kwa nini napiga badala ya kusoma, alicheka kidogo katikati ya msiba wake. "Auntie, si ni yeye aliwaharibu," akasema. "Hata sisi hapa nyumbani tunapigianaga simu kuulizana kama ni wewe umetuma." Kisha akanithibitishia kwamba mzee ametuacha, kwamba atazikwa Alhamisi shambani kwake Ngoliba, na kwamba faili ile ni ratiba tu, nifungue bila wasiwasi. Nilimshukuru, nikakaa kitandani, nikaifungua. Walikuwa wameweka picha yake nzuri, amevaa ile sweta isiyo na mikono aliyoivaa hata jua la Januari likiwaka.

Ngoliba ni kukavu, na siku ile upepo ulileta vumbi hadi ndani ya sufuria za wali. Tulikaa chini ya hema, kwenye viti vya plastiki, mimi na Salim, aliyekuwa mkuu wa stoo ya dawa enzi zetu, sasa ndevu zake nyeupe kabisa na kofia yake safi kama zamani. Alisimama kijana mmoja wa suti, mwakilishi wa hospitali tuliyofanyia kazi sisi sote. Hospitali hiyo siitaji. Imebadilisha jina na wenyewe tangu tuondoke, na waliomo leo hawana habari nasi. Yule kijana alisema marehemu aliilinda hospitali kwa miaka yote na hakuwahi kupoteza hata rekodi moja ya mgonjwa. Watu wakapiga makofi. Salim akaniinamia.

"Umesikia? Hata moja."

"Nimesikia."

"Kwani huyu alikuwa amezaliwa?"

"Mwache, Salim. Ni mazishi."

Lakini nilijua anamfikiria nani, kwa sababu hata mimi nilikuwa namfikiria yeye. Nilimuuliza kama Mama Shiro amekuja. Akasema hapana, magoti hayamruhusu siku hizi, anakaa kwa bintiye huko Theta na ametuma rambirambi. Tukaletewa wali na nyama yenye viazi, tukala, na sikuwa tena na haja ya kusikiliza hotuba. Mawazo yangu yalirudi kwenye mwaka ule mmoja ambao kijana wa suti hakuwa ameambiwa habari zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayaingii hapa. Nilikuwa nimeajiriwa Thika, kwenye tawi kuu la hospitali, niwe msaidizi wa Bwana Kamande katika usalama wa kompyuta, na ofisi tuliyopewa ilikuwa chumba cha zamani cha kusafishia picha za eksirei. Hakikuwa na dirisha. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya maziwa juu ya rangi nyeusi ya awali, na ile nyeusi ilichungulia kila mahali. Sinki la kuoshea picha lilibaki, tukawa tunaoshea vikombe, na mvua ikinyesha chumba kizima kilitoa harufu ya siki. Upande mmoja ukuta ulikuwa wa mawe. Upande wa pili ulikuwa wa mbao nyembamba, maana chumba cha mikutano cha bodi kilipanuliwa na fundi akaona hapa hakuna mtu wa maana. Kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulisikia sala ya kufungua mkutano, vijiko kwenye vikombe, wenye kikohozi, na nani amechelewa. Bwana Kamande alikuwa akisema hospitali nzima ina siri moja tu iliyohifadhiwa vizuri, nayo ni kwamba sisi tunasikia.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuieleza. Manesi walidhani sisi ni watu wa printa. Ukweli ni kwamba tulilipwa kukaa na wasiwasi kwa niaba ya wengine. Mimi nilitoka chuoni nikiamini kwamba ukinunua programu nzuri na kuandika kanuni kali, hatari imekwisha. Bwana Kamande, ambaye alikuwa mwalimu wa fizikia kabla ya kuingia kompyuta, alinisikiliza wiki nzima bila kunikatiza, kisha akanipeleka wodi ya wazazi. Pale kila mtu aliingia kwenye mfumo kwa neno la siri la metroni, jina la kifungua mimba wake na mwaka aliozaliwa. Nilishtuka, nikataka tulibadilishe papo hapo. Akaniuliza kama nimewahi kumnyima jirani chumvi. Ndivyo ilivyokuwa. Kumnyima mwenzako neno lako la siri, na yeye ana mgonjwa mbele yake, kulikuwa sawa na kumwambia humwamini, na metroni yule alikuwa mama wa wote. "Hatari hatuimalizi, Muthoni," akaniambia tukirudi. "Tunaangalia imekaa wapi, na nani yuko karibu nayo, na huyo mtu akiona moshi atatuambia ama atanyamaza." Wakati ule niliona ni maneno ya mtu aliyechoka. Leo nakaa kwenye kamati ya hatari ya shirika lingine, na kila semina huanza na mtoa mada kutuambia kwamba tatizo kubwa ni binadamu. Mimi huinamisha kichwa nikangoja chai.

Hospitali ilikuwa na waraka wa usalama, Kiingereza kizito, na haukuwa na msomaji. Bwana Kamande hakuugusa. Badala yake kila Ijumaa alikunywa chai na watu. Alianza Thika, idara moja baada ya nyingine, na wiki nyingine tulikwenda Ruiru, kwenye tawi dogo, tukaketi jikoni kwa wafanyakazi ambako chai ilikuwa ya tangawizi na chapati za jana zilipashwa kwenye jiko la gesi. Aliuliza habari za watoto, alilalamika kuhusu timu yake, na kabla ya kuondoka alisema maneno yale yale, kila mahali, mpaka wengine wakawa wanayamaliza pamoja naye. "Ukifungua kitu na moyo ukashtuka, nipigie. Sitauliza kwa nini. Nitauliza ni kompyuta gani." Mwanzoni walicheka. Halafu wakaanza kupiga. Mmoja alipiga kwa sababu kompyuta yake imetoa sauti ya kukoroma. Mwingine kwa sababu ameona tangazo la kumwambia ameshinda gari. Karani mmoja wa mapokezi alipiga akinong'ona, akidhani wezi wanamsikia. Bwana Kamande alipokea wote kwa upole ule ule, akawashukuru, na akiweka simu chini alinitazama akiwa na furaha kabisa. Nilimuuliza kwa nini afurahie upuuzi. Akasema huo ndio mfumo wetu wa usalama, umeanza kufanya kazi.

Mama Shiro alikuwa karani wa rekodi pale Ruiru, mama wa makamo, mzito kidogo, mcheshi, aliyejua wagonjwa wa kudumu kwa majina ya mitaa yao. Asubuhi aliyopiga simu tulikuwa tumeketi kunywa chai, na Bwana Kamande alikuwa anamenya nduma alizofungiwa nyumbani. Mimi ndiye niliyepokea.

"Muthoni, ni Mama Shiro wa Ruiru. Nimefanya kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Si Salim ametuma email. Ati mama yake ametuacha asubuhi, ratiba ya mazishi iko kwa faili. Na unajua watu wa Salim hawangojangi, leo leo wanazika. Nikaona nikikawia nitapata wameshamaliza. Nikafungua. Haina kitu! Karatasi nyeupe tu. Nikasema basi wacha nimpigie nimpe pole na nimuulize saa."

"Ukampigia?"

"Nikampigia. Nikamwambia, pole sana baba Rukia, mama amepumzika. Akaniuliza, mama gani? Ati yuko na yeye hapo wodi, anakunywa uji, na analia haina sukari. Ngai! Muthoni, nikashika kichwa."

Kila mtu alijua mama wa Salim amelazwa kwetu Thika, na kwamba sukari ilikuwa imempanda. Hata wezi walijua. Baadaye tuligundua kwamba Salim alitumia neno moja la siri kwenye barua pepe ya kazi na kwenye mtandao wa mashabiki wa mpira, na huko lilikuwa limeibwa. Walioliiba walisoma barua zake, wakaona ameomba ruhusa ya kumuuguza mama, wakamuua mama kwenye kompyuta ili wapate watu wa kufungua faili. Sijui walikuwa nchi gani. Lakini walielewa kwamba huku kwetu mtu anaweza kuacha barua ya mkubwa wake mwezi mzima bila kuisoma, ila ya msiba haikai dakika moja. Jambo wasilolijua ni kwamba tukishasoma, tunapiga simu kutoa pole.

Bwana Kamande alikuwa amenyoosha mkono. Nilimpa simu.

"Mama Shiro, uko kompyuta gani? Ile ya dirisha? Sawa. Nyuma kuna waya wa bluu, chomoa. Usizime, chomoa tu. Umechomoa? Asante sana. Sasa simama, waambie wenzako wote wachomoe yao, hata kama wanamalizia kuandika."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimemwona akifanya. Alikimbia. Chumba cha seva kilikuwa mwisho wa korido, na manesi walijibana ukutani apite, sweta ikimpepea. Alikata mawasiliano kati ya Ruiru na Thika kwa mkono wake. Mchana ule, Ruiru, mafaili kwenye kompyuta chache yalikuwa yamegeuka majina yasiyosomeka, yamefungwa kwa ufunguo ambao hakuna aliyekuwa nao ila wezi, na tangazo la kudai walipwe likiwa katikati ya kioo. Programu ile ya wezi haikuvuka hapo. Thika haikuguswa. Chumba cha upasuaji kiliendelea, maabara iliendelea, na kazi ya asubuhi ile Ruiru iliandikwa upya kutoka kwenye kadi za wagonjwa. Jioni Salim alishuka kutoka wodini, akasimama mlangoni petu.

"Mama anauliza ni nani alimuua," akasema. "Anataka kumwona."

Tulicheka mpaka Bwana Kamande akatoa miwani kufuta macho. Nakumbuka kicheko kile kuliko mambo mengi ya maana, maana kilikuwa cha mwisho cha aina yake katika chumba kile.

Bodi iliketi wiki iliyofuata. Bwana Kamande aliitwa ndani, nami nikabaki upande wa pili wa mbao, mbele ya kompyuta, bila kugusa kibodi. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa Daktari Wacera, mwanamke makini, si mkatili hata kidogo, lakini mtu wa kupenda jambo lionekane limefungwa. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mfanyabiashara wa zamani wa kahawa, na sauti yake ilipita ile mbao bila shida.

"Nani alifungua hicho kitu?"

"Karani wa rekodi, Ruiru," akajibu Mkurugenzi.

"Na bado yuko kazini?"

"Yuko."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiye aliyepiga simu, Mwenyekiti." Hiyo ilikuwa sauti ya Bwana Kamande.

"Bwana Kamande, mtu akifungulia mwizi mlango, halafu apige nduru, tumpe zawadi?"

Watu wakacheka. Bwana Kamande alingoja wamalize. Akawaeleza kwamba barua ile iliwafikia watu wote wa Ruiru, na kwamba alipochunguza aliona watu wengine wawili waliifungua kabla ya Mama Shiro. Waliona karatasi nyeupe, wakaifunga, wakaendelea na kazi. Kama hospitali ingewategemea hao, Thika nayo ingekuwa imelala.

"Ni akina nani?"

"Siwataji."

"Utawataja."

"Nikiwataja mtafukuza watatu badala ya mmoja."

Nilisikia mtu akikoroga chai. Kisha Mwenyekiti akasema, bila hasira, kama mtu anayechagua kiti cha kukalia, "Basi tutaanza na yule tunayemjua."

Majina ya wale wawili niliyajua, na nayajua. Walikuwa watu wazuri. Bwana Kamande aliendelea kuongea, na sijamsikia mtu akijieleza vizuri vile tena, hata huko kwenye semina. Aliwaambia kwamba Mama Shiro anajulikana kwa sababu moja tu, kwamba alijitaja mwenyewe. Aliwaambia amezunguka hospitali nzima akiahidi watu kwamba hatauliza kwa nini, na kwamba wamechukua nusu mwaka kumwamini. "Mkimfukuza huyu mama," akasema, "mwingine akifungua kitu atanyamaza, nami sitamlaumu." Mkurugenzi alisema bodi imemsikia na inamshukuru. Mtu akasema watu wa bima watataka kuona hatua imechukuliwa. Sala ya kufunga ikasomwa.

Mama Shiro alikuja Thika kurudisha kitambulisho cha kazi, na kabla ya kuondoka akapita kwetu. Alikuwa amevaa vizuri, kilemba na viatu vya kanisani. Hakuketi. Bwana Kamande alisimama akasema amejaribu. Akamjibu kwamba amesikia, watu wamemwambia. Halafu akamtazama sawasawa.

"Lakini si uliniambia hutauliza kwa nini?"

"Sikuuliza, Mama Shiro."

"Ee. Wewe hukuuliza."

Akanishika mkono, akanitakia mema, akaenda zake. Mimi nilikasirika mno. Nilimwambia Bwana Kamande ajiuzulu, nikamwambia mtu mwenye heshima hangekaa siku moja zaidi mahali ambapo neno lake limefanywa upuuzi. Nilitumia maneno makubwa, ya umri ule. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza wiki yangu ya kwanza. Akasema akiondoka, ataletwa mtu ambaye hajawahi kuahidi chochote, na huo si msaada kwa yeyote. Sikukubaliana naye. Mpaka leo sijaamua kama alikuwa sahihi, na kadiri ninavyozeeka ndivyo swali linavyopungua kunisumbua, jambo ambalo pia silipendi.

Ziara za Ijumaa ziliendelea. Tulikaribishwa, tulimiminiwa chai, hata chapati zilikuwa za moto sasa. Watu walikuwa na adabu mno. Bwana Kamande alipofika kwenye maneno yake ya mwisho hakuna aliyeyamalizia pamoja naye, walitazama vikombe. Nilimuuliza nesi mmoja kama kompyuta yake inasumbua, akasema, "Hapana Muthoni, iko sawa tu," na nyuma yake nikaona kioo kimejaa matangazo yanayorukaruka. Ofisini simu haikulia. Siku moja Bwana Kamande aliinua mkono wa simu akasikiliza kama laini iko hai. Ilikuwa hai. Akaurudisha taratibu, akaendelea na kazi. Kwenye taarifa ya robo mwaka Mkurugenzi aliandika kwamba matukio ya usalama yamepungua sana tangu hatua kuchukuliwa, na kupitia mbao tukasikia bodi ikipongezana. Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu walihesabu walichoambiwa.

Ilipofika msimu wa mvua za vuli, chumba kikinuka siki, ikaja ya pili. Safari hii haikuwa ya msiba. Ilikuwa ratiba mpya ya zamu, na nani hataki kujua kama atafanya kazi Krismasi? Ilifunguliwa Jumanne, Thika na Ruiru, na watu zaidi ya kumi. Sisi tulijua Alhamisi asubuhi, tulipokuta mapokezi wamesimama, foleni imefika getini, na kila kioo kinaonyesha tangazo moja. Siku mbili nzima ile programu ilikuwa imetembea ndani ya nyumba yetu bila kubughudhiwa, ikapita kwenye mfumo wa rekodi, ikafika hadi kwenye nakala za akiba ambazo Bwana Kamande alikuwa ameomba zitenganishwe, akaambiwa angoje mwaka ujao. Zilizobaki salama zilikuwa za zamani. Kwa wiki kadhaa hospitali iliendeshwa kwa kalamu. Mzee mmoja wa Theta, aliyekuwa amekatwa kipande cha nyama shingoni kipimwe kama ni saratani, aliambiwa majibu yamepotea na itabidi akatwe tena. Mimi ndiye niliyetumwa kumweleza, pamoja na daktari. Alivua kofia, akauliza kama kidonda cha kwanza hakitoshi.

Tulizungumza na waliofungua, mmoja mmoja, katika chumba chetu. Bwana Kamande hakumuuliza hata mmoja kwa nini alifungua. Aliuliza jambo jingine. Namkumbuka Brayo wa maabara, kijana mchangamfu ambaye zamani alikuwa akitupigia hata mashine ikipiga chafya.

"Uliona imegoma?"

"Niliona, mzee. Ilifreeze tu, ikakuwa white. Nikasema wacha nirestart nione."

"Na hukupiga simu."

Brayo akanitazama mimi, kama anayeomba nimsaidie kujibu. "Mzee, usiskie vibaya," akasema. "Mama Shiro alipiga."

Wote walisema hivyo, kwa maneno tofauti. Bwana Kamande alipeleka taarifa yake kwa Daktari Wacera akiwa na hilo tu, nami nadhani ndilo lililomfikia, maana siku chache baadaye tulisikia kupitia mbao akiiambia bodi kwamba karani wa Ruiru lazima arudishwe, na kwamba kama wanataka kumtafuta wa kufukuza, waanze na yeye. Sikulitarajia hilo kwake. Mwenyekiti alinung'unika, lakini hakuwa na la kusema, na hospitali ilikuwa bado inaandika kwa kalamu. Mkurugenzi alitaka kumpigia Mama Shiro simu. Bwana Kamande akasema hapana, ataenda mwenyewe.

Tulimkuta mtaani Kiuu, kwenye kibanda cha mboga mbele ya nyumba za kupanga, akikatakata sukuma wiki kwa kisu kilichochongoka kwa kunolewa, huku macho yake yakiwa kwa wateja. Alitukaribisha ndani kama wageni wa kawaida, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, viti vyenye vitambaa vya kusuka, na bintiye Shiro akifanya masomo mezani. Shiro alitusalimia, akaondoa vitabu, akaenda kushika kibanda. Mama Shiro akatumiminia chai na kutuwekea mandazi kwenye sahani. Aliuliza habari ya mama wa Salim. Bwana Kamande akamwambia yuko nyumbani Majengo, anapata nafuu. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzunguka, akamwambia yote: ile ya pili, mafaili, mzee wa Theta, Mkurugenzi alichosema mbele ya bodi. Akamwambia wanataka arudi, wanakiri walikosea, na yeye amekuja kumwomba.

Mama Shiro alisikiliza akikusanya makombo ya mandazi kwa kidole.

"Wale wawili wengine, wa ile ya kwanza. Bado wako?"

"Wako."

"Na hii ya pili, walipiga?"

"Hakuna aliyepiga."

Akatingisha kichwa polepole. Nilitarajia aseme tumepata tulichokitafuta, na ningemwelewa. Badala yake alitazama nje, Shiro alikokuwa akimfungia mteja mboga.

"Nitarudi," akasema. "Sina uchungu na wewe, Bwana Kamande. Huyu ana masomo, na hii sukuma mimi naijua, haifiki mbali. Nitakuja saa ya kazi, rekodi nitapanga, wagonjwa nitaangalia vizuri kama zamani." Akamwongezea chai bila kumuuliza. "Lakini nikifungua kitu kibaya tena, nitazima kompyuta, nichukue kibeti changu, niende nyumbani kama hao wengine. Nakuambia mapema usinitegemee. Mambo ya kupiga simu, mnitoe."

Bwana Kamande hakubishana naye. Alisema ameelewa, akanywa ile chai hadi mwisho, akamshukuru. Jumatatu Mama Shiro alirudi Ruiru, kwenye dawati lake la dirishani, na Daktari Wacera alikuja mwenyewe kumkaribisha mbele ya wote na kuwaambia wafanyakazi kwamba tangu siku hiyo kila mtu awe huru kupiga simu. Tulipiga makofi, na Mama Shiro akapiga pamoja nasi. Alifanya kazi pale miaka mingi baada ya hapo, kwa bidii na ucheshi wake. Kama aliwahi kufungua tena kitu kibaya, sijui, na Bwana Kamande naye hakuwahi kujua.